Nani Aliua Samaki wa Ilumba?

Advera hakuzaliwa Ilumba. Alizaliwa Tura, kwenye kituo cha reli, akaolewa na Revocatus, mkulima wa tumbaku huku Sikonge. Alipofika alijua kulima, kupika na kuwauzia abiria karanga dirishani. Kuvua hakujua. Mama mkwe wake, Bibi Getruda, ndiye aliyemfundisha kushika tenga.

Kijiji cha Ilumba kimekaa juu ya mteremko. Chini yake kuna mbuga. Watu wa huku wakisema mbuga hawana maana ya mahali pa simba na watalii. Ni bonde tambarare linalokaa maji. Katikati ya mbuga kuna bwawa ambalo halikauki hata mwezi wa kumi. Ndani yake kulikuwa na kambale, perege wadogo, na visamaki vyembamba visivyozidi kidole.

Visamaki hivyo si kitoweo cha sherehe. Mgeni wa heshima hapewi. Lakini ndivyo vilivyolisha watoto wa Ilumba. Advera alivikausha juani, akavisaga pamoja na karanga, akavitia kwenye uji wa mtoto wake Xavery. Xavery alikuwa amekonda sana alipoachishwa ziwa. Kwa uji ule alinenepa mpaka majirani wakamwita mwenyekiti.

Kuvua kwa tenga kulikuwa na utaratibu. Mwezi wa nane, maji yakipungua, wanawake wote wa kijiji waliingia bwawani siku moja. Tenga la kuvulia halina kitako. Unalikita kwenye matope, unaingiza mkono kwa juu, unapapasa. Ukimkuta samaki, ni wako. Kabla ya siku hiyo watoto waliruhusiwa kutupa ndoana, lakini tenga haliingii majini. Aliyeongoza siku ya matenga alikuwa Pelagia, jirani wa Advera, mwanamke mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mbuga.

Mashamba ya tumbaku yalikuwa kwenye mteremko, kati ya kijiji na mbuga. Kuna mwaka mvua ilizidi, maji yakatuama, tumbaku ikadumaa. Wenye mashamba wakakaa, wakaamua kuchimba mfereji mmoja mkubwa kutoka juu mpaka mbugani. Wanaume walichimba. Wanawake walipika uji wa wachimbaji. Kila mtu akaelekeza matuta yake kwenye mfereji. Tangu hapo mvua ikinyesha, maji yalishuka mbio, na shamba likabaki safi. Watu waliusifu mfereji ule kama wamejenga daraja.

Tena Ilumba walikuwa na tabia moja. Kabla ya kuweka mbolea, mtu alitazama mbingu. Mawingu yakitanda meusi, alibeba mfuko haraka, akarusha mbolea juu ya matuta kama anayelisha kuku. Waliamini mvua ndiyo inayoisukuma mbolea mpaka kwenye mizizi. Aliyeweka mbolea bila mvua kukaribia alichekwa kwamba anaunguza shamba. Mifuko ikiisha, walikwenda kuiosha bwawani, kwa sababu mfuko wa mbolea ni mgumu na unafaa kuhifadhia karanga.

Mwaka wa kisa hiki mvua za Januari zilikuwa kubwa. Kisha Februari zikakata. Jua likawaka, upepo ukatulia, na maji ya bwawa yakasimama. Yakaanza kubadilika rangi. Kwanza yalikuwa kama maji yaliyooshewa mboga. Baadaye yakawa mazito na ya kijani, kama mchuzi wa kisamvu. Pembeni yakajenga utando, na utando ukaanza kunuka.

Wa kwanza kupotea hawakuwa samaki. Walikuwa wadudu wa majini. Hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna anayekula wadudu wa majini. Watu waliona tu kwamba mbu wamezidi, wakalalamika, wakashusha vyandarua mapema.

Jumatano moja asubuhi Pelagia alishuka kuteka maji ya kufyatulia matofali. Alikuta ukingo mzima umejaa visamaki vilivyokufa. Vilielea tumbo juu, perege wadogo na vile vyembamba, vimesukumwa na mawimbi madogo mpaka kwenye nyasi. Mbwa walikuwa wakila. Pelagia aliacha ndoo yake pale pale akapanda kijijini. Kufika saa ya uji, Ilumba nzima ilikuwa imesimama ukingoni.

Neno la kwanza lililosemwa lilikuwa utupa.

Utupa ni kichaka chenye majani ya sumu. Zamani watu waliponda majani yake wakayatia majini, samaki wakalewa na kuelea, wakaokotwa kirahisi. Sheria inakataza, na Ilumba walikataza hata kabla ya sheria. Sasa watu walijiuliza ni nyumba gani ina utupa. Ilikuwa moja tu. Bibi Getruda alikuwa ameupanda kuzunguka shamba la viazi vitamu, kwa sababu fuko hawapendi harufu yake. Na wiki ile majani yake yalionekana yamekatwa.

Pelagia alikuja na wanawake wenzake mpaka uani kwa Advera. Hakusalimia. Siku nyingine angemwita Mama Xavery. Siku hiyo alimwita kwa jina.

"Advera, majani ya utupa yamekwenda wapi?"

"Mama ameyatia kwenye mashimo ya fuko. Nenda kafukue uone."

"Nifukue shamba la watu nitafute majani? Sisi tumeshaona tulichoona. Mtu wa kuja hawezi kujua uchungu wa bwawa hili. Umetaka kuvua peke yako kabla ya siku, sumu ikakuzidi."

Bibi Getruda alitoka ndani na jembe, akasema majani aliyakata yeye kwa mkono wake, na kama wanataka atayatafuna mbele yao. Hakuna aliyecheka. Pelagia alisema jambo hilo litakwenda kwenye baraza la kijiji Jumapili, baada ya watu kutoka kanisani, na yeye ataomba nyumba hiyo itengwe.

Kutengwa ni adhabu ya zamani, lakini bado ina nguvu. Aliyetengwa hasalimiwi. Haazimwi jembe wala moto. Akiugua, hakuna anayekwenda kumjulia hali. Akifiwa, anachimba kaburi mwenyewe. Na huu ulikuwa mwezi wa kuvuna tumbaku. Majani yakishaiva hayangoji. Lazima yachumwe, yafungwe kwenye vijiti na kuingizwa kwenye bani, nyumba ya kukaushia, na moto wake uchungwe bila kuzimika. Nyumba moja haiwezi. Majirani husaidiana kwa zamu. Kwa Revocatus, kutengwa Jumapili kulikuwa na maana ya tumbaku kuozea shambani na familia kuhama.

Asubuhi iliyofuata Advera alipita kisimani akasema, "Mwangaluka." Ni salamu ya asubuhi ya huku. Wanawake walikuwa watano au sita. Wote waliinamia ndoo zao.

Aliporudi nyumbani hakulia. Alimwambia mumewe kwamba kukaa na kujitetea hakutasaidia, kwa sababu kila mwenye kosa hujitetea. Aende Sikonge mjini akatafute mtu wa serikali anayejua samaki, aje aseme kilichowaua. Revocatus alisita. Aliuliza kwa sauti ya chini kama kweli mama yake hakukosea mahali pa kumwaga majani.

"Muulize yeye," Advera alisema. "Mimi sihitaji kumuuliza."

Revocatus hakuuliza. Alipanda baiskeli.

Kwenye ofisi ya uvuvi ya wilaya alimkuta msichana anaitwa Ummy. Alikuwa mzaliwa wa Mtendeni, Tabora mjini, na amesomea mambo ya samaki. Umri wake haukufika hata miaka thelathini, lakini vijijini walimwita Bibi Samaki. Alimsikiliza Revocatus mpaka mwisho. Halafu akamwambia jambo moja waziwazi.

"Baba Xavery, nitakuja. Lakini siji kukutetea. Nikikuta ni utupa, nitasema ni utupa, mbele ya watu wote."

Revocatus alisema aje hivyo hivyo.

Ummy alifika Ijumaa mchana kwa pikipiki, na wavu mdogo, na mabeseni mawili meupe. Alimwamkia Bibi Getruda shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa mkato. Kwanza aliomba aonyeshwe utupa. Kisha akaomba afukue shimo moja la fuko. Majani yalikuwamo, yamekauka. Bibi Getruda akamwambia afukue na la pili ili aridhike. Akafukua na la pili. Majani yalikuwamo pia.

Kisha akashuka bwawani. Watu walimwona, wakashuka nyuma yake, Pelagia akiwa mbele, na mwenyekiti wa kijiji, Kornel, akiwa na fimbo yake. Ummy alizunguka bwawa lote. Upande mmoja kilikuwapo kijito kinachotoka porini, kwenye miombo ambako watu wa Ilumba hutundika mizinga ya nyuki. Upande wa pili ulikuwapo mdomo wa mfereji. Alichota kwa wavu kwenye kijito, akamwaga kwenye beseni la kwanza. Akachota mbele ya mfereji, akamwaga kwenye beseni la pili. Akayaweka chini yote mawili, akasema wasogee.

Beseni la kwanza lilikuwa kama sokoni. Kulikuwa na uduvi wanaoruka kinyumenyume, konokono wadogo, wadudu wenye mikia mitatu, na mdudu mmoja wa kahawia mwenye macho makubwa aliyekuwa akitembea polepole chini ya beseni.

"Huyu mnamjua?" Ummy aliuliza.

Mzee mmoja alisema ni mende wa maji. Watu wakamcheka.

"Huyu ni mtoto wa kerengende. Kabla hajaota mabawa anakaa majini. Kazi yake ni kula, na anachopenda ni viluwiluwi vya mbu. Sasa njooni kwenye hili la pili."

La pili lilikuwa na tope, minyoo myekundu myembamba kama uzi, na viluwiluwi vya mbu vinavyocheza. Hakukuwa na kingine. Ummy alieleza kwamba minyoo ile myekundu inaweza kuishi kwenye maji yasiyo na hewa. Viluwiluwi vya mbu navyo vina kibomba cha kuvutia hewa kutoka juu, kwa hiyo hewa ya ndani ya maji haviihitaji. Lakini uduvi, mtoto wa kerengende na visamaki wanavuta hewa iliyo ndani ya maji. Hewa hiyo ikiisha, wanakufa.

"Wanaokula mbu wamekufa," alisema, "na mbu wamebaki. Mmefukuza polisi, mmebaki na wezi. Mnaumwa sana mwezi huu, au nasema uongo?"

Hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wa malaria.

Pelagia hakukubali. Alisema utupa pia unaua wadudu, kila mtu anajua.

"Kweli unaua, mama," Ummy alimjibu. "Ndiyo maana sijasema neno bado. Kambale je? Mmeona kambale wamekufa?"

Watu walifikiri. Hakuna aliyekuwa ameona kambale aliyekufa. Kornel alisema yeye mwenyewe jana alimwona kambale akipanda juu na kurudi chini. Ummy alisema kambale anaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi, ndiyo maana huishi hata kwenye tope. Ungekuwa utupa wa kutosha kuua bwawa zima, naye angelewa na kuelea pamoja na wengine. Lakini hakutaka waamini kwa sababu ya kambale peke yake. Aliomba waje kesho alfajiri, kabla jua halijachomoza, halafu warudi tena saa saba mchana. Wajionee wenyewe.

Alilala kwa Mwenyekiti Kornel, ili asiambiwe amelishwa na nyumba ya Revocatus.

Alfajiri ile Advera alisimama mbali na wengine, na Xavery mgongoni. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyemfukuza. Kulipoanza kupambazuka, uso wa bwawa ulionekana unatikisika. Ilikuwa kama manyunyu ya mvua, ila yalitoka chini kwenda juu. Ilikuwa midomo. Visamaki vyote vilivyobaki vilikuwa vimepanda juu, vinafungua na kufunga midomo. Vingine vililala ubavu. Mtoto angeweza kuviokota kwa mkono.

"Wanatafuta hewa," Ummy alisema.

Jua likapanda. Saa saba mchana waliporudi, midomo haikuwapo. Visamaki vilivyosalimika vilikuwa vimeshuka chini, vinaogelea kama kawaida.

"Haya, niambieni," Ummy alisema. "Sumu gani hiyo inayoua alfajiri na kupumzika mchana? Utupa ukimwagwa, samaki wanalewa hapo hapo. Sumu haina saa ya kulala."

Kornel alimwomba aeleze basi ni kitu gani, na aeleze kwa maneno ya watu.

Ummy alichota maji ya kijani kwa kiganja. Alisema ule ukijani si uchafu tu. Ni mimea midogo sana, mmoja mmoja hauonekani kwa macho. Inaitwa mwani. Kila bwawa lina mwani kidogo, na wadudu na visamaki huula. Lakini mwani nao unapenda mbolea kama tumbaku inavyopenda. Ukipata mbolea nyingi, unazaana mpaka unafunika maji yote. Mchana, jua likiwaka, mwani unatoa hewa, na samaki wanapumua. Usiku hakuna jua. Mwani wenyewe unavuta hewa, na ule uliokufa unaoza chini. Kuoza nako kunakula hewa. Kukikaribia kucha, hewa ndani ya maji imekwisha. Samaki wadogo na wadudu wanakosa pumzi. Jua likitoka, hewa inaanza kurudi, lakini kwa waliokufa imechelewa.

"Na mbolea hiyo imetoka wapi?" Kornel aliuliza. "Hapa hakuna mtu anayelima ndani ya bwawa."

Ummy alitembea mpaka kwenye mdomo wa mfereji. Pale ukijani ulikuwa mzito kuliko mahali pengine popote. Kando yake nyasi zilikuwa zimeota nene na ndefu kupita kichwa cha mtu, kama zimepaliliwa. Aliuliza mfereji ule unatoka kwa nani.

Revocatus alikuwa na shamba linaloingia kwenye mfereji. Kornel pia. Mume wa Pelagia pia. Karibu kila mwanamume aliyesimama pale alikuwa na matuta yanayotazama mfereji ule.

Ummy aliwauliza mbolea waliiweka lini. Walimwambia: mawingu yalipotanda. Aliuliza waliiwekaje. Walimwambia: kwa kurusha. Aliuliza mvua iliyofuata ilikuwaje. Hapo walianza kuelewa wenyewe. Mvua ile ya Januari ilikuwa kubwa, na maji yalishuka kwenye mfereji mbio mpaka yakabeba hata majani ya tumbaku.

"Mvua haisukumi mbolea kwenye mizizi," Ummy alisema. "Inaisukuma mbugani. Mizizi yenu imepata makombo, bwawa limepata sahani nzima."

Pelagia alikuwa ameangalia chini muda mrefu. Aliinua kichwa.

"Uji wa wachimbaji wa mfereji huu nilipika mimi," alisema.

Ndipo akageuka kumtazama Advera, pale alipokuwa peke yake na mtoto. Hakumwambia kitu mbele ya watu. Lakini watu waliona amemtazama.

Jumapili baraza lilikaa kama lilivyopangwa. Kornel aliuliza kama bado kuna mtu mwenye shauri dhidi ya nyumba ya Revocatus. Mzee yule wa mende wa maji alisema pengine nyumba zote zenye mashamba zitengwe, kisha tuone nani atabaki wa kumsalimia nani. Watu walicheka, na kicheko kile kililegeza mambo. Pelagia alisimama. Yeye si mtu wa maneno matamu, na siku hiyo hakuyatafuta.

"Nilisema Mama Xavery ameua samaki. Hakuua. Nilisema Bibi Getruda ametia utupa. Hakutia. Nilikosa. Kesho asubuhi nitakuwa shambani kwao kuchuma tumbaku, na wale niliokwenda nao uani kwao watakuja pia. Asiyekuja ataniambia sababu."

Advera alikuwa amekaa nyuma na wanawake. Alihisi mabega yake yameshuka. Hakujua kwamba tangu Jumatano alikuwa ameyainua. Bibi Getruda, aliyekuwa pembeni yake, alinong'ona kwamba Pelagia aje na kisu chake mwenyewe cha kukatia kamba, maana nyumba hii haigawi visu. Advera alicheka mpaka akajifunika kwa kanga.

Jumatatu walikuja wote. Tumbaku iliingia kwenye bani kabla haijaharibika.

Lakini kusameheana hakuondoi mbolea majini. Ummy alirudi na bwana shamba wa kata, wakakaa na wenye mashamba. Revocatus ndiye aliyesema walichokuwa wakiogopa wote. Bila mbolea tumbaku haitoki. Wakiambiwa waache, watakula nini?

"Nani amesema muache?" Ummy aliuliza. "Wekeni mnapotaka ifanye kazi. Sasa hivi mnalisha mwani, na mwani hamuuzi."

Bwana shamba aliwaonyesha kwa vitendo. Unachimba kishimo kando ya mche, mbali kidogo na shina, kama upana wa kiganja. Unaweka mbolea kwa kipimo, unafukia. Udongo ukishaifunika, maji hayaibebi kirahisi. Usiweke mvua kubwa ikiwa inakuja. Ngoja inyeshe, ipite, udongo ubaki na unyevu, ndipo uweke. Mbolea inayeyuka taratibu kwenye unyevu ule na mizizi inaipata. Wazee walinung'unika kwamba sasa watachekwa. Bwana shamba aliwauliza nani atawacheka, ikiwa wote watafanya hivyo.

Matuta nayo yaligeuzwa. Badala ya kutelemka na mteremko, yalikatiza mteremko, ili maji yasimame kidogo na kuzama. Kazi hiyo ilikuwa ngumu na watu walilaani kila siku ya kuifanya. Mfereji haukufukiwa wote. Waliukata kabla haujafika mbugani, maji yakatawanyika kwenye ukanda mpana wa nyasi na matete. Ummy aliwaeleza kwamba nyasi zile zitanyonya mbolea iliyobaki kabla haijafika bwawani. Aliwaambia wasilime ukanda ule wala wasiuchome moto. Sheria inataka shughuli zikae mita sitini kutoka kwenye maji, na sasa walijua sababu yake. Vitalu vya miche ya tumbaku, ambavyo zamani vilikuwa ukingoni kabisa kwa uvivu wa kubeba maji, vilipandishwa juu. Mifuko ya mbolea ilikatazwa kuoshwa bwawani, na Ummy akasema haifai kuhifadhia chakula hata ikioshwa. Hapo wanawake walibishana naye sana, kwa sababu mifuko ile ni migumu. Mwishowe wakaitumia kubebea mkaa.

Aliwakataza pia kuokota samaki waliokutwa wamekufa. Samaki aliyeoza majini anaumiza tumbo, hata akikaangwa vipi. Na Bibi Getruda aliambiwa utupa wake abaki nao kwa ajili ya fuko, ila asiuoshe wala kuuponda karibu na maji. Bibi alijibu kwamba hilo alilijua kabla Ummy hajazaliwa.

Mwaka huo siku ya matenga haikuwapo. Mwezi wa nane ulifika, wanawake wakatazama bwawa, wakakubaliana kuliacha. Advera alimlisha Xavery uji wa karanga na maharage, akisubiri.

Msimu uliofuata walifanya kama walivyofundishwa. Revocatus alishangaa kwamba mbolea aliyozoea kuimaliza kabla ya shamba kwisha, safari hii ilibaki, na tumbaku haikupungua. Mvua zilipokata mwezi wa Februari, Advera alishuka bwawani. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Ni tope la mvua tu, na lilikuwa linatulia. Alikaa kwenye jiwe akiangalia. Kerengende mmoja mwekundu alitua kwenye tete, akaruka, akatua tena. Chini yake, penye kina kifupi, alipita uduvi. Nyuma ya uduvi, kundi la visamaki visivyozidi sindano lilikatiza kwa pamoja na kupotea kwenye nyasi. Vilikuwa vimetoka kijitoni, au vilizaliwa na wale waliosalimika. Hakujali vimetoka wapi. Alipanda kijijini akamgongea Pelagia mlango, akamwambia shuka uone.

Mwezi wa nane matenga yaliingia majini. Wanawake walijipanga mstari kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, kanga zimefungwa viunoni, wanakita, wanapapasa, wanakita tena. Samaki hawakuwa wengi kama zamani, lakini hakuna tenga lililotoka tupu. Advera alikuwa katikati ya mstari, matope mpaka kifuani.

"Mama Xavery, sogea huko," Pelagia alipaza sauti. "Unanikanyagia samaki wangu."

"Samaki wako? Wameandikwa jina?"

"Wananijua kwa sauti."

"Basi ndiyo maana wote wamekimbilia kwangu."

Wanawake walicheka mpaka wengine wakapoteza samaki waliokuwa wameshawashika. Pelagia alimrushia Advera tope begani. Advera akamrushia yeye. Hakuna aliyesogea. Waliendelea kuvua bega kwa bega, mpaka jua likawa kali.